Barua ya Wazi: Waliorudi Vitani Wakiwa Hai Nao Wakumbukwe

Likoni,
Mombasa.

Kwa Waheshimiwa mliopewa dhamana ya ulinzi wa nchi, ya wanajeshi wastaafu na ya afya ya akili, mlioko Nairobi na mlioko hapa Pwani.

Waheshimiwa,

KUH: TIBA YA AKILI KWA WANAJESHI WALIORUDI KUTOKA VITANI

Pokeeni salamu zangu za heshima. Mimi ni mke wa mwanajeshi mstaafu, tena ni mwalimu wa fasihi katika shule ya sekondari. Naandika hadharani kwa sababu njia ya faragha nimeifuata hadi mwisho wake. Nimepeleka barua kwa mkono, zikagongwa muhuri wa kupokelewa. Nikaambiwa faili linatafutwa. Baadaye nikaambiwa faili limehamishwa, na nilipouliza limehamishiwa wapi, nikajibiwa kwamba afisa aliyekuwa nalo naye amehamishwa. Ofisi siitaji, wala walionipokea siwataji. Wengi wao walikuwa watu wa adabu ambao hawakuwa na uwezo wa kunisaidia. Uwezo huo mnao ninyi.

Malalamiko yangu ni haya. Nchi iliwatuma vijana wake vitani. Waliouawa, iliwarudisha kwa bendera na heshima. Waliovunjika miguu, iliwatibu miguu. Lakini waliorudi na mwili mzima na akili iliyojeruhiwa, iliwafikisha mlangoni ikawaachia wake zao, mama zao na watoto wao. Kazi hiyo imetushinda. Hatukuisomea, dawa hatuna, na si sisi tuliowatuma.

Niwaeleze kwanza ninachokiona nyumbani kwangu, maana kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mume wangu aliingia Somalia na kikosi chake baada ya Oktoba 2011, jeshi letu lilipovuka mpaka kuwaandama Al-Shabaab kufuatia utekaji nyara uliotokea kule Lamu. Alirudi, akapelekwa tena. Safari hiyo ya pili, gari lililotangulia lake lilikanyaga bomu lililotegwa barabarani. Hayo ndiyo maneno pekee aliyowahi kuniambia kuhusu siku ile. Mengine nimeyajua usiku, anapoweweseka. Huita majina ya wenzake, mmoja baada ya mwingine, na kila akilifikia jina fulani hunyamaza, akaamka ameloa jasho.

Kitandani halali. Hulala sebuleni, chini, mgongo ukutani na uso mlangoni. Kwenye kivuko huuacha umati wote uingie kwenye feri, naye akaingia wa mwisho na kusimama pale pale mlangoni, jua liwake lisiwake. Mchana hutafuna muguka ili usingizi usimjie, kwa kuwa usingizi ndio unaomrudisha kule. Usiku hunywa mnazi ili muguka umwachie. Watu wa mtaani wanamwona mlevi. Mkesha wa mwaka mpya, fataki zikianza kulia upande wa kisiwani, huwakusanya watoto na kuwaingiza chini ya meza. Mdogo wao zamani alidhani ni mchezo. Sasa amekua, ameelewa, na wakishaingia chini ya meza yeye ndiye humshika baba yake mkono mpaka fataki ziishe.

Haya nayaandika kwa idhini yake. Barua ameisoma kabla yenu. Kuna mistari aliyoifuta, na hii aliyoiacha ameiacha kwa kukusudia.

Sasa nayataja yanayonikera, moja moja.

1. Ugonjwa huu mnauona mgeni, na si mgeni

Afisa mmoja aliniambia, tena kwa upole, kwamba haya ni mambo ya Wazungu na sinema zao. Mwafrika hupigana, akarudi, akalima. Nitamjibu kwa urefu, kwa sababu kauli hiyo nimeisikia pengi, hata matangani.

Mwaka 490 KK, Waathene walipambana na Waajemi katika uwanda wa Marathon. Mwanahistoria Herodotus ameandika habari za askari mmoja, Epizelus, aliyepofuka macho katikati ya mapigano bila kuguswa na upanga wala mshale. Mwenyewe alisimulia kwamba alimwona mbele yake mtu mkubwa mwenye silaha, ndevu zake zikiifunika ngao, na mtu huyo akampita yeye akamuua mwenzake aliyesimama kando. Epizelus hakuona tena maisha yake yote. Hayo yaliandikwa karibu miaka 2,500 iliyopita, na yeyote aliyewahi kukaa na askari aliyenusurika huku mwenzake akifa atamtambua mtu huyo mara moja.

Waathene walikuwa na neno la kusema kuhusu majeraha ya namna hii, na hawakulisema kwa kunong'ona. Walilipandisha jukwaani, katika sikukuu ya mji mzima. Sophocles, aliyetunga tamthilia ya Ajax, aliwahi kuwa jenerali pamoja na Pericles, kiongozi wa Athens, katika vita vya kisiwa cha Samos. Waliokaa kutazama walikuwa raia waliokuwa pia askari. Katika sikukuu hiyo mayatima wa waliokufa vitani, waliolelewa kwa gharama ya mji, walipitishwa mbele ya hadhira wakiwa wamevaa silaha walizopewa na mji huo huo. Majenerali walikuwapo. Waliona yote.

Na waliona nini? Ajax alikuwa nguzo ya jeshi la Wagiriki lililouzingira mji wa Troy. Achilles, shujaa wao mkuu, alipokufa, silaha zake akapewa mwenzao Odysseus, na Ajax akaona amedhulumiwa na wakuu wake. Usiku akatoka na upanga kwenda kuwaua. Mungu wa kike Athena akamvuruga akili, akawachinja ng'ombe na kondoo wa jeshi akidhani ni watu, wengine akawaburuta hadi hemani kwake akawachapa mijeledi. Akili zilipomrudia alijikuta amekaa katikati ya damu na mizoga. Anayetoka nje kuwasimulia mabaharia wake, waliotoka naye kisiwani Salamis, ni Tecmessa, mateka wa vita aliyezaa naye mtoto. Yeye ndiye aliyekuwa ndani ya hema usiku ule. Yeye ndiye anayejua kwamba mwanamume huyo hali, hanywi, amekaa kimya, na anajua pia kwamba kuona alichokifanya kumemuumiza kuliko wazimu wenyewe.

Kisha inakuja sehemu ambayo ningependa kila mke wa askari aijue. Ajax anatokea akiwa mtulivu. Anaongea kwa upole, anasema amebadilika, anakwenda ufuoni kujitakasa na kuuficha upanga wake ardhini. Mabaharia wanafurahi, wanaimba na kucheza. Wanadhani amepona. Kumbe amekwenda ufuoni kujitoa uhai. Mtu aliyekuwa akiteseka akitulia ghafla, aliye karibu naye anapaswa kukaza macho. Katika ofisi zote nilizopita, hakuna aliyenieleza jambo hilo. Nimelijua kwa kusoma tamthilia.

Na kama Ugiriki ni mbali, njooni Mwembe Tayari. Pale Barabara ya Jomo Kenyatta zimesimama sanamu za askari, zilizowekwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliopigana Vita Kuu ya Kwanza na wapagazi waliobeba mizigo ya vita hivyo. Wapagazi wale walichukuliwa kwa mamia ya maelfu, na makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa njaa na maradhi. Maandishi ya mnara huo, kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, yanaahidi kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Nimesimama pale na wanafunzi wangu nikawasomea. Ahadi ile ni ya waliokufa. Aliyepigana akarudi akiwa hai, asiyeweza kulala, hakuandikiwa hata mstari mmoja. Babu zetu waliorudi kutoka Tanganyika, na wale waliorudi kutoka Burma mwaka 1945, ni nani aliyewauliza wanaota nini? Mzee aliyekaa peke yake nyuma ya nyumba akisema na watu wasioonekana, tuliambiwa ana pepo, tukakatazwa kumsogelea. Baba mkubwa wa mama yangu alikuwa mmoja wao.

2. Mnauita woga, au mnauita ulevi

Hili nalipitia haraka, kwa sababu wengine wamekwisha kulilipia. Katika vita vya 1914 hadi 1918, jeshi la Uingereza liliwapiga risasi askari wake 306, wa kwao na wa makoloni, kwa makosa kama utoro na woga. Na mapema mwaka 1915 daktari wa jeshi hilo hilo, Charles Myers, alikuwa amekwisha kuandika kuhusu askari waliopoteza kuona, kuonja na kumbukumbu baada ya mizinga kulipuka karibu nao. Watu hao 306 walisamehewa mwaka 2006, wakiwa wote makaburini. Marekani nako, madaktari waliuingiza ugonjwa huu katika orodha yao rasmi mwaka 1980, baada ya waliorudi kutoka Vietnam na waliowatetea kupiga kelele kwa miaka. Hakuna sababu ya Kenya kuanza upya safari hiyo.

Mume wangu hakuwa mlevi mlipomwajiri. Mlimpima kifua, mkamkimbiza, mkamkagua macho, masikio na hata meno, mkaridhika kwamba ni mzima, mkamchukua. Mlimpokea mzima, na sasa ni mgonjwa. Katikati pana kazi mliyompa.

3. Tiba mmeiweka mahali ambapo mgonjwa hawezi kufika

Tamthilia inayoniumiza zaidi si Ajax. Ni Philoctetes, ambayo Sophocles aliitoa mwaka 409 KK akiwa mzee wa zaidi ya miaka 80, ikapata tuzo ya kwanza. Philoctetes alikuwa safarini kwenda Troy na jeshi lake alipoumwa na nyoka mguuni. Kidonda kikaoza, kikanuka, na vilio vyake vikawa vinavuruga sadaka za jeshi. Wakuu wakaamuru ashushwe kisiwani Lemnos. Waliondoka akiwa amelala, wakamwachia matambara na chakula kidogo. Hakuwa mtoro wala msaliti. Aliumia akiwa kazini, na kosa lake lilikuwa kulia. Akaishi kule peke yake miaka kumi, akiwinda ndege kwa upinde wake, mpaka ulipotoka utabiri kwamba bila upinde huo Troy haianguki. Hapo ndipo walipomkumbuka, na hata hapo walimtuma kijana Neoptolemus akamhadae. Maumivu yalipompanda mbele ya kijana yule, Philoctetes hakuomba dawa. Alimwomba asimwache.

Mume wangu aliposhindwa kujizuia mbele ya wenzake, alishauriwa kustaafu mapema. Hati zake ziliandikwa vizuri, akapewa mkono. Tangu hapo tunaambiwa kwamba daktari anayeweza kumwona yuko Nairobi. Mtu asiyeweza kusimama katikati ya feri kwa dakika chache mnamtaka apande basi usiku kucha, apite vizuizi vyenye watu wa bunduki, afike, apange foleni, aambiwe arudi mwezi ujao. Alijaribu. Alishukia Voi. Alinipigia simu akiwa ameketi nyuma ya kioski, hawezi kuendelea na hawezi kurudi, nikaenda kumchukua.

Jonathan Shay, daktari wa akili aliyewatibu wapiganaji wa Vietnam huko Boston kwa miaka mingi, aliona kwamba kinachomharibu askari kabisa si hofu ya kifo peke yake. Ni pale mwenye mamlaka juu yake anapoivunja haki ambayo wote wanaijua. Mume wangu ana majeraha mawili, Waheshimiwa, na la pili hakulipatia Somalia.

4. Siri za jeshi zimemfunga mgonjwa mdomo

Naelewa kwamba jeshi lina siri na lazima liwe nazo. Sitaki kujua kambi ilipangwaje wala nani alitoa amri gani. Lakini kambi yetu ya El Adde ilivamiwa tarehe 15 Januari 2016, na ya Kulbiyow tarehe 27 Januari 2017, na baada ya El Adde wananchi hawakutangaziwa hesabu kamili ya waliokufa. Ukimya ule haukuwagusa wafiwa tu. Walionusurika, na waliokuwa kambi nyingine wakisikiliza redio, walijifunza kwamba mambo haya hayasemwi. Mume wangu hajui mpaka leo kama anaruhusiwa kumweleza daktari wa raia alichokiona na alichokifanya. Niliomba apewe barua fupi ya kumruhusu. Hiyo nayo imo ndani ya faili.

5. Anayejitokeza anaogopa kuadhibiwa

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Askari aliye kazini anaijua methali hiyo, na anajua pia kwamba akiyafichua maradhi haya huenda akanyang'anywa silaha, akarukwa cheo kikija, akawa kichekesho cha bwenini. Kwa hiyo huchagua kuficha, na mke humsaidia kuficha ili mshahara usikatike. Kisha wapo wanaofikia ukingoni. Mpaka Mahakama Kuu ilipotamka Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinapingana na Katiba, mtu aliyejaribu kujiua na akanusurika aliweza kufikishwa kortini. Familia nyingi bado hazijui kama hukumu hiyo ipo, na zinaogopa kumpeleka mtu wao hospitali zisije zikamtia mikononi mwa polisi. Waambieni. Kambi mnazo, redio mnazo, na hotuba mnazitoa kila sherehe.

6. Familia hamkutuhesabu

Mwaka 2008, Mmarekani Bryan Doerries, mfasiri wa tamthilia za Kigiriki, aliwaleta waigizaji wasome sehemu za Ajax na Philoctetes mbele ya wanajeshi wa majini na wake zao huko San Diego. Mazungumzo yaliyopangiwa chini ya saa moja yalikwenda saa kadhaa. Mke wa askari alisimama mapema akasema mumewe amekwenda vitani mara nne, na kila akirudi huja akiburuta maiti zisizoonekana hadi ndani ya nyumba yao. Akayachukua maneno ya tamthilia, kwamba nyumba yao imekuwa machinjio. Nilipozisoma habari za mwanamke huyo nililia kwa sababu sijawahi kumwona, na alikuwa ameieleza sebule yangu.

Hapa Likoni tulifanya tulichoweza. Mama mkwe alimwita shehe aje amsomee, na shehe akaja jioni baada ya jioni bila kudai chochote. Kisomo kilimpa mume wangu utulivu wa saa chache, na kwa hizo saa namwombea shehe yule kila la heri. Lakini ni shehe huyo huyo aliyeniita kando akaniambia, binti yangu, huyu ana ugonjwa unaohitaji pia daktari, usingoje. Nawaambia hivi ili asije mtu akasema watu wa Pwani wanang'ang'ania uganga. Sisi tumekuwa tayari kwa daktari siku zote.

Najua majibu mliyozoea kutoa, na naomba niyajibu kabla hayajatolewa.

Mtasema bajeti haitoshi. Bajeti ya risasi ilipatikana, ya mafuta ilipatikana, ya magari na posho ilipatikana. Kumrudisha askari katika hali ya kuweza kuishi na watu ni sehemu ya gharama ya vita ile ile, na ilipaswa kuhesabiwa siku ile ile amri ilipotolewa.

Mtasema amekwisha kustaafu, si wenu tena. Aliumia akiwa wenu. Na Bunge lilipitisha Sheria ya Wanajeshi Wastaafu mwaka 2022, mwaka ule ule ilipofanyiwa marekebisho Sheria ya Afya ya Akili. Nchi haiwezi kuandika kwenye sheria kwamba wastaafu hawa ni wake, kisha mlinzi wa getini akawaambia si wake. Juu ya hizo iko Katiba, Kifungu cha 43, kinachompa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Hakikusema kila mtu isipokuwa aliyewahi kuvaa gwanda.

Mtasema mbona wengine walirudi na wako sawa. Wapo, na nafurahi kwa ajili yao na wake zao. Bomu likilipuka vipande havimpati kila mtu mahali pamoja, na hakuna anayemlaumu aliyekatika mkono eti kwa sababu jirani yake hakukatika.

Ninayoyaomba ni haya:

(a) Jeraha la akili lililopatikana vitani litambuliwe katika fomu za fidia na pensheni sawa na jeraha la mwili, na waliostaafu kabla ya hapo waruhusiwe kupimwa upya. Wengi wao hati zao hazisemi kitu, kwa kuwa hakuna aliyewauliza siku ya kuondoka.

(b) Pawe na kliniki ya wanajeshi waliomo kazini na wastaafu hapa Mombasa, yenye daktari wa akili na washauri nasaha, ikifunguliwa mahali ambapo mtu hatakiwi kupita geti lenye bunduki ili aingie. Jengo la kiraia, mtaa wa kawaida. Kaunti ikisaidia kwa chumba katika moja ya hospitali zake, nawahakikishia wagonjwa watakuja.

(c) Kila anayerudi kutoka nje ya nchi kwa kazi ya kijeshi azungumze na mtaalamu anaporudi, na tena baada ya miezi kadhaa, kwa sababu dalili nyingi hazitokei wiki ya kwanza ya furaha. Iwe lazima kwa wote, kuanzia aliye juu kabisa, ili asiwepo wa kunyooshewa kidole kwamba ameomba.

(d) Itolewe barua rasmi inayowaruhusu wagonjwa hawa kumweleza daktari yeyote mwenye leseni yale waliyoyapitia, bila kuogopa kushtakiwa kwa kutoa siri.

(e) Wake, waume na wazazi waelezwe, kwa Kiswahili na kwa maandishi, dalili ni zipi, hatari ikikaribia inaonekanaje, na simu gani ipigwe saa nane za usiku. Hili halihitaji jengo wala sheria. Laweza kufanyika mwezi huu.

(f) La mwisho naliomba nikiwa mwalimu. Nimeanza kuigeuza sehemu ya Tecmessa iwe Kiswahili, na wanafunzi wangu wa zamani wako tayari kuisoma jukwaani mbele ya wanajeshi, wastaafu na familia zao. Ukumbi tutautafuta wenyewe. Tunachoomba ni ninyi wakuu mje mkae safu ya mbele, kama walivyokaa majenerali wa Athens, na mbaki hadi watu wamalize kusema.

Naomba jibu la maandishi, lenye jina la afisa atakayeshughulikia mambo haya na tarehe atakapoanza. Mume wangu amekubali kukutana nanyi hapa Mombasa, mahali mtakapochagua, ilimradi mkutano uwe wa asubuhi na mlango uachwe wazi.

Wenu mtiifu,

Mke wa mwanajeshi mstaafu,
Likoni.

Nakala: Wabunge na wawakilishi wadi wa Kaunti ya Mombasa.